Mchezo Haujaonekana, Hukumu Imeshatoka

Aprili 2025 niliingia duka moja la leso Biashara Street, Mombasa, nikakuta mabishano. Wasichana wa Butere Girls walikuwa wamefika Nakuru na mchezo wao, "Echoes of War", uliotungwa na Cleophas Malala. Mahakama Kuu ilikuwa imeamuru waruhusiwe kucheza. Lakini tarehe 10, walipokuta ukumbi hauna watazamaji, waliimba wimbo wa taifa wakashuka jukwaani. Nje polisi walitupa mabomu ya machozi.

"Watoto wa watu wasitiwe katika siasa za wakubwa," alisema bibi mmoja.

"Kwani bibi, watoto hawana macho?" alijibu kijana muuzaji. "Na mwaka 2013 'Shackles of Doom' ya shule hiyo hiyo si ilizuiwa, mahakama ikairudisha?"

Nikauliza, "Nani kauona mchezo wenyewe?" Kimya.

Wasiwasi wa bibi una haki yake, na wa kijana pia. Lakini bibi yule alikuwa amekwisha kukunjua leso saba, akisoma jina la kila moja, asije akajitanda neno la kumtia aibu. Leso twaisoma kabla ya kuinunua. Mchezo je, tuuhukumu kwa kusikia?