Je, Wajua? Ufunguo wa Runinga Yako Anao Nani?

Umelipa, umebeba, umetundika ukutani, na risiti ina jina lako. Sasa jaribu kuweka programu ambayo mtengenezaji hakuiidhinisha. Hapo ndipo utajua kwamba nyumba ni yako, lakini ufunguo anao mwingine.

Je, wajua kwamba runinga janja ni kompyuta iliyofichwa nyuma ya kioo kikubwa? webOS ya LG, Tizen ya Samsung na Android TV ya Google zote zimejengwa juu ya Linux, mfumo ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki. Katika Linux yupo mtumiaji mmoja asiyeulizwa kitu, aitwaye root. Kufungua runinga ni kukikalia kiti chake.

Je, wajua kwamba webOS haikuzaliwa kwenye runinga? Palm ya Marekani iliitengenezea simu yake ya mwaka 2009. HP ikainunua Palm mwaka 2010 kwa dola bilioni 1.2, ikaitia webOS kwenye tableti ya TouchPad Julai 2011, na wiki saba baadaye ikatangaza kuachana na tableti hiyo. LG iliichukua webOS mwaka 2013, na mwaka uliofuata ikawa sebuleni kwa watu.

Je, wajua kwamba runinga nyingi za LG ziliwahi kufunguliwa kwa kubonyeza namba 5 tu? Mwaka 2021 wadukuzi wa kujitegemea walitoa njia ya kufungulia runinga hizo, wakaiita RootMyTV. Haikuhitaji bisibisi wala waya. Ulifungua kivinjari cha runinga, ukaandika anwani ya tovuti yao, ukabonyeza 5 kwenye rimoti, kile kitufe ambacho kwenye rimoti nyingi kina kitone unachokipapasa gizani. Runinga ikijizima na kuwaka tena, unaikuta Homebrew Channel kwenye menyu: duka la programu ambalo si la LG. Mwanya huo LG ilishauziba.

Je, wajua kwamba watengenezaji wenyewe huacha mlango wa uani? Kwenye runinga za Samsung, ukiwa ukurasa wa programu, bonyeza 1, 2, 3, 4, 5 na dirisha la watengeneza programu litajitokeza. Kwenye Android, gonga namba ya toleo la mfumo mara saba. LG nayo hutoa kibali cha saa 1,000; zikiisha kabla hujakihuisha, programu ulizoweka kwa njia hiyo zinafutwa. Ndiyo kusema unakaribishwa, lakini kama mgeni.

Je, wajua kwamba Kodi, programu maarufu ya kuchezea filamu na muziki, ilianzia kwenye kifaa kilichofunguliwa? Ilianza kama kazi ya wapenzi wa Xbox, mashine ya michezo ya Microsoft, na haikuweza kukaa humo mpaka kufuli livunjwe. Jina la Kodi ililipata mwaka 2014. Leo inapatikana hata kwenye duka rasmi la Google. Aliyeingia kwa dirisha siku hizi anapita mlango wa mbele.

Je, wajua kwamba nchini Marekani ruhusa ya kufungua runinga hutolewa na mkuu wa maktaba? Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1998 inakataza kuvunja kufuli za kidijitali, ila Mkuu wa Maktaba ya Bunge anaweza kutoa misamaha, na kila baada ya miaka mitatu hupitiwa upya. Runinga janja zilipata msamaha Oktoba 2015. Lakini unahusu kuendesha programu halali tu. Filamu ya wizi inabaki kuwa ya wizi.

Je, wajua kwamba runinga nayo inakutazama? Februari 2017 kampuni ya Vizio ilikubali kulipa dola milioni 2.2 baada ya serikali ya Marekani kuishtaki kwamba runinga zake milioni 11 zilirekodi, sekunde kwa sekunde, kilichokuwa kwenye kioo, bila wenyewe kuridhia. Habari hizo ziliuzwa. Kuna wanaofungua runinga zao kwa sababu hiyo hiyo: kumnyamazisha mpelelezi.

Je, wajua kwamba majasusi nao waliwahi kuandaa programu yao ya runinga? Nyaraka zilizotolewa na WikiLeaks Machi 2017 zilieleza mradi wa CIA ulioitwa Weeping Angel, yaani malaika anayelia, uliolenga baadhi ya runinga za Samsung. Programu iliingizwa kwa flashi. Ukizima, kioo kinakuwa cheusi na taa inazimika, kumbe maikrofoni inaendelea kunasa maongezi.

Je, wajua kwamba kuna maboksi ya Android yanayofika dukani yakiwa yamekwisha kudukuliwa? Juni 2025 FBI ilionya kuhusu mtandao wa vifaa vya aina hiyo uitwao BADBOX 2.0, na mwezi uliofuata Google ikafungua kesi New York, ikitaja vifaa zaidi ya milioni 10 visivyo na cheti chake. Unaangalia mpira, huku boksi likiwapitisha wahalifu kwenye intaneti unayoilipia wewe. Boksi linalojigamba "kila kitu bure" lina anayelilipia, na huenda ni wewe.

Je, wajua kwamba kufungua kuna gharama? Kazi ikikwama katikati, runinga inageuka tofali: taa nyekundu inapepesa, nembo inaganda, dhamana inaweza kukataliwa. Kwenye vifaa vya Android, mara nyingi huduma za filamu humshusha daraja aliyefungua mfumo. Picha inacheza, lakini ung'avu wake hauko tena. Na mwanya uliokuingiza wewe haumbagui mwizi. Aprili 2024 kampuni ya usalama ya Bitdefender ilitangaza dosari za webOS zilizompa mvamizi kiti cha root, na ikahesabu vifaa zaidi ya 91,000 vilivyoonekana wazi kwenye intaneti. LG ilikuwa imetoa dawa mwezi uliotangulia, lakini dawa humfaa anayeinywa.

Je, wajua kwamba kuna kufuli moja unaloweza kulifungua leo bila kudukua chochote? Ingia kwenye mipangilio ya runinga yako, tafuta sehemu ya faragha au matangazo, zima kipengele kinachotambua unachotazama. Kwenye LG nyingi kinaitwa Live Plus. Kwa kawaida hakifichwi. Kimekaa tu mahali ambapo hakuna anayepita. Ufunguo huo ulikuja na runinga, na rimoti iko mkononi mwako.