Mafunzo ya Mtandaoni kwa Wazazi Wanaoachana: Yanasaidia Kwa Kiasi Gani?

Ndoa inapovunjika, mume na mke huachana, lakini baba na mama hawaachani na watoto wao. Kwa msingi huo, baadhi ya majimbo ya Marekani huwataka wazazi walio katika shauri la talaka wahudhurie mafunzo ya malezi. Katika jimbo la Florida mafunzo hayo hayapungui saa 4, na sheria inaruhusu yatolewe kwa njia ya mtandao.

Faida yake ya kwanza ni wepesi: mzazi hujifunza bila kusafiri na bila kuketi chumba kimoja na mwenzake waliyekosana. Hata hivyo, saa chache za kusikiliza huongeza maarifa tu. Si lazima zibadili mwenendo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona waliandaa mafunzo marefu zaidi, ya vipindi 10, na baadaye wakayapeleka mtandaoni. Humo mzazi hupewa mazoezi ya nyumbani: kutenga muda wa kuwa na mtoto, kumsikiliza bila kumkatiza, na kumwepusha na ugomvi wa wakubwa. Walipoyafanyia majaribio, ugomvi baina ya wazazi ulipungua na malezi yakaimarika.

Hapa nchini, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haidai mafunzo ya aina hiyo. Inachodai, isipokuwa katika mazingira maalumu, ni mgogoro ufikishwe kwanza katika Baraza la Usuluhishi wa Ndoa kabla ya shauri la talaka kufunguliwa mahakamani. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inalinda haki ya mtoto kutunzwa, kusomeshwa na kumtembelea mzazi asiyeishi naye.

Mazoezi yenyewe hayahitaji intaneti. Mtoto asifanywe tarishi wa kupeleka maneno ya baba kwa mama. Asiulizwe anampenda nani zaidi. Ada, matibabu na siku za kutembelewa viafikiwe mapema na kuandikwa.

Penye vipigo au vitisho, mafunzo si mbadala wa ulinzi. Mwathirika afike Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, au apige bure namba 116 kwa ajili ya mtoto. Kwa ushauri wa malezi na matunzo, wazazi wamwone Afisa Ustawi wa Jamii.