Ada ya Mzaha katika Bara ya Mombasa

Kisiwa cha Mombasa kimepakana na bara pande tatu: kusini ni Likoni, ng'ambo ya kivuko, kaskazini ni Kisauni, ng'ambo ya Daraja la Nyali, na magharibi ni Changamwe, ifikiwayo kwa kupita Makupa. Katika pande zote hizo mtu ajulikanaye kuwa mcheshi hupewa heshima isiyopungua ile ya fundi hodari, wala heshima hiyo haipatikani kwa kipaji peke yake. Mzaha huko ni elimu yenye daraja zake, na aliyeruka daraja moja hutambulikana mara afunguapo kinywa. Kwanza mtu hujifunza nani wa kutaniwa, kisha wakati wa kutania, na mwisho, hayo yakisha kumtulia moyoni, ndipo huyaendea maneno yenyewe. Vijana wengi wa siku hizi huanza na maneno, na kwa sababu hiyo mizaha yao huanguka chini, au huwaangukia wenyewe.

Daraja ya kwanza, basi, ni nasaba. Babu na mjukuu wana ruhusa kamili: mjukuu wa kike huitwa mke na babu yake, na wa kiume huitwa mume mwenza, akashitakiwa kila siku kwa kosa la kumnyang'anya mzee wa watu mkewe. Shemeji na shemeji huchokozana bila hofu, na mabinamu vilevile. Lakini baba na mwana hawataniani, wala mtu na mkwewe. Bwana harusi ambaye jana alikuwa akiwavunja watu mbavu maskani, leo huketi mbele ya mama mkwe ameinamisha macho, akajibu kwa sauti ya chini, na mzaha wowote utakaomponyoka hapo utahesabiwa utovu wa adabu, hata ukiwa mzuri kupita mizaha yote aliyopata kuisema.

Mfano mmoja niliushuhudia Mtongwe, upande wa Likoni, baada ya Alasiri, muuza kahawa alipokuwa amelitua dele lake na kuvigonganisha vikombe kuwaita wateja. Mzee mmoja alikuwa ameketi barazani na masahibu zake, mwanawe wa kumzaa akiwa upande wa pili, mara akatokea mjukuu kutoka nyumbani na habari: "Babu, nyanya asema leo ni mkate wa mofa, lakini wewe usihuzunike, utapewa mchuzi." Mkate wa mofa una ugumu wake, na mzee alikuwa amebakiwa na meno ya kuhesabika. Watu wakatabasamu, wakangoja. Mzee hakujibu papo hapo, aliinua kikombe, akapiga funda moja, akakirudisha, kisha akasema pasipo dalili ya kicheko usoni: "Mwambie nashukuru. Meno yangu niliyamaliza kwa mikate aliyonipikia tulipooana." Baraza nzima ikaangua kicheko, isipokuwa baba wa yule mtoto, aliyeikodolea macho kahawa yake asijue aelekee wapi, kwa maana si halali yake kuyacheka meno ya babaye wala mapishi ya mamaye.

Katika maneno hayo machache mna jumla ya fani hii. Mzee alingoja mpaka masikio yote yakawa kwake. Hakughadhibika, wala hakumlipiza mtoto, bali aliupeleka mzaha kwa mtu wa tatu ambaye ana haki naye, na kwa kufanya hivyo aliyakubali mapengo yake kabla hajaulizwa. Hakuufafanua baada ya kuutoa, wala hakuwa wa kwanza kucheka. Maana mcheshi anayecheka mzaha wake kabla ya watu amekwisha kujilipa mwenyewe, hana tena anachowadai wasikilizaji.

Watu wa dini nao wana mfano wao. Husimuliwa kisa cha ajuza aliyemtaka Mtume amwombee Pepo, akaambiwa kwamba vikongwe hawaingii Peponi. Alipogeuka akilia, akafahamishwa kwamba ataingia akiwa kijana, kwani Mwenyezi Mungu huwarejeshea ujana watu wa Peponi. Masihara hayo hayana chembe ya uongo, na aliyetaniwa aliondoka na bishara iliyo bora kuliko ile aliyoijia.

Wanawake wana uwanja wao, na aghalabu huwashinda wanaume kwa mafumbo. Katika harusi, nyimbo za vugo zinapoimbwa na pembe zikigongwa kwa vijiti, upande wa bibi harusi huwasema wa bwana harusi kwa ubahili, na hao wakawasema wenzao kwa uvivu, na asubuhi wote hula sinia moja. Siku nyingine kazi hiyo hufanywa na kanga. Jina la kanga humsema jirani pasipo kinywa kufunguliwa. Na aliyesemwa akidai ameguswa, mvaaji humjibu kwa upole kwamba yeye amenunua nguo tu, maandishi ni ya mwenye duka.

Changamwe mambo yamechukua sura ya pekee. Jina hilo ni la mojawapo ya Thalatha Taifa, pamoja na Kilindini na Tangana, Waswahili waliokuwa na mapatano ya kale na Wadigo na Waduruma. Lakini tangu bandari, reli na kiwanda cha kusafisha mafuta kuwavuta wafanyakazi, vyumba vya Chaani, Magongo na Mikindani vimejaa watu wa Taita, Ukambani, Nyanza na kwingineko, wasio na nasaba ya kuwafungulia mlango wa utani. R. E. Moreau, Mwingereza aliyejulikana zaidi kwa elimu ya ndege, aliandika mwaka 1944 juu ya watani wa Tanganyika, akieleza habari za makabila yaliyopigana zamani ambayo baadaye yalipeana haki ya kutaniana. Wenyeji wa Changamwe hawakuhitaji vita; shida za njiani zimewatosha. Nilimsikia makanga wa matatu ya Magongo akinadi, "Gari tupu, wawili tu!" hali watu wamesongamana hata mlangoni. Mama mmoja aliyebanwa kati akamwuliza, "Mwanangu, hao wawili utawatia mfukoni?" Naye akajibu, "Mama, mfukoni mna nauli. Watu nawatia moyoni." Abiria wakacheka, wakasogea, na wawili wale wakapata pa kusimama.

Ruhusa ya kutania ina mipaka, na mipaka ndiyo imfunzayo mtu zaidi kuliko ruhusa. Kilema, maradhi, ufukara na utasa havichezewi. Sura ya Al-Hujurat, katika aya ya 11, inawakataza waumini kudharauliana na kuitana kwa majina mabaya, na wahenga wakaongeza kwamba mzaha mzaha hutumbuka usaha. Iko pia mipaka ambayo haikuandikwa popote. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama na watu zaidi ya 270 wakafa. Kwa hiyo mgeni atakayefanya masihara ya kuzama akiwa kivukoni, hata kwa nia njema, atapokewa kwa kimya, kwani hajui aliye ubavuni pake alizika nani. Utani ni mfano wa tangawizi katika kahawa: ikiwa kidogo humwamsha mnywaji, ikizidi humwunguza koo.

Kipimo chake, kwa maoni yangu, ni kimoja. Mzaha mzuri ni ule ambao aliyetaniwa huusimulia mwenyewe kesho yake, tena kwa furaha. Na ule anaoufichia haya, uwe umewachekesha watu mia, ulikuwa ni stihizai. Elimu ya kupambanua hayo haipatikani katika vichekesho vinavyopitishwa kwa simu, kwa sababu humo msemaji hamwoni uso wa anayesemwa. Nawasihi wazee wa Likoni, Kisauni na Changamwe wasiwafukuze watoto barazani kwa kisingizio kwamba ni mazungumzo ya watu wazima. Wawape kikombe na pembe ya kuketi, na watakapokosea wawarudi pale pale, kwa mzaha.