MOTO HAUMNGOJI KOBE

Ndugu msomaji, kobe unamfahamu. Ukitoka Kibaoni kwenda shambani, huenda umemkuta anavuka njia. Mvua za kwanza zinaponyesha, mwezi wa Novemba au Desemba, huenda ukamwona mtoto wa kobe. Ni mdogo sana. Anaenea katika kiganja cha mkono. Gamba lake bado ni laini.

Watoto wetu hupenda kumwokota. Humleta nyumbani na kumtia ndani ya ndoo au boksi. Humpa ugali. Mara nyingi, baada ya muda mfupi kobe hufa. Kwa nini? Hakuna aliyempiga. Amekosa vitu viwili vikubwa, yaani joto na unyevu.

JOTO

Mwili wako hutengeneza joto lake wenyewe. Mwili wa kobe hauwezi kufanya hivyo. Kobe hupata joto kutoka nje. Asubuhi huota jua. Akisha kupata joto hutembea, hula, na tumbo lake husaga chakula. Akipata baridi hulegea. Chakula alichokula hakisagiki vizuri.

Lakini jua likizidi, kobe huingia kivulini. Mtoto wa kobe hupoa upesi na huungua upesi. Kwa hiyo anahitaji jua na kivuli mahali pamoja. Ndani ya ndoo hawezi kuchagua. Ndoo ikiachwa juani, anaweza kufa siku hiyo hiyo.

UNYEVU

Mama kobe hufukia mayai yake ardhini. Kobe yule mkubwa mwenye madoa hulowesha udongo kwa mkojo wake ili auchimbe. Mayai yake hukaa ardhini miezi mingi, pengine hata kupita mwaka. Mvua ikilainisha udongo, watoto hutoka.

Mtoto wa kobe hukauka upesi kuliko mama yake. Akikaa pakavu siku zote, hukosa maji mwilini. Akiishi, gamba lake huota vinundu.

Basi porini anaishi wapi? Chukua kijiti. Fukua majani yaliyoanguka chini ya mti. Juu ni makavu. Chini udongo una unyevunyevu. Usiku wa baridi majani hayo ni blanketi. Mchana wa jua kali ni mwavuli. Hiyo ndiyo nyumba ya mtoto wa kobe. Kobe wengine wa misitu yetu hupata humo hata chakula chao, yaani uyoga, konokono na jongoo.

MOTO

Wakati wa kiangazi watu huwasha moto. Mmoja anasafisha shamba. Mwingine anataka majani mapya ya ng'ombe. Mwingine anarina asali. Moto ukiwaponyoka, huteketeza majani yote ya chini. Wahenga walisema, mwenda pole hajikwai. Ni kweli. Lakini moto haumngoji mwenda pole.

Hasara hiyo si ya kobe peke yake. Majani yale yale yakioza hurutubisha udongo. Moto ule ule huunguza mizinga ya nyuki ya jirani yako.

TUFANYE NINI?

Kwanza, usichome ovyo. Uliza uongozi wa kijiji kabla ya kuwasha. Fyeka ukanda mpana kuzunguka shamba. Usiwashe wakati wa upepo. Usiondoke mpaka moto umezimika kabisa.

Pili, ukimwona kobe mwache aende zake. Mtoto wako akimleta nyumbani, mrudisheni pale pale alipookotwa. Kama usiku umeingia, mweke katika boksi lenye majani mabichi yaliyoloweshwa kidogo. Liweke mahali penye vuguvugu, mbali na moto, mbwa na kuku. Mpe maji katika kifuniko kifupi. Usimpe ugali wala maziwa. Asubuhi mrudisheni.

Tatu, osheni mikono kwa sabuni baada ya kumshika. Kobe anaweza kubeba vijidudu vya kuharisha.

Nne, kumbuka sheria. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kumfuga mnyama wa porini bila kibali. Sisi wa Kibaoni ni majirani wa Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Mtu akija kununua kobe, toa taarifa kwa uongozi wa kijiji au kwa askari wa wanyamapori.

MFANO WA CHANGUU

Mwaka 1919 kobe wanne wakubwa waliletwa katika kisiwa cha Changuu, Zanzibar, kutoka Shelisheli. Walizaliana. Mwaka 1955 walikuwa karibu 200. Kisha watu wakaanza kuwaiba na kuwauza. Mwaka 1996 walibaki saba tu. Mwaka huo yaliletwa makobe madogo 80, na 40 kati yao yakapotea. Ndipo Serikali ya Zanzibar ikajenga ua wa kuwalinda.

Ndugu msomaji, kobe hukua polepole sana. Anayeokotwa leo hapati wa kumrithi kesho. Hakuombi umjengee nyumba. Nyumba anayo. Anakuomba usiichome.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini mtoto wa kobe hufa ndani ya ndoo?
2. Majani yaliyoanguka yana faida gani kwa kobe? Kwa mkulima je?
3. Kijijini kwenu nani huwasha moto wakati wa kiangazi, na kwa nini? Mnaweza kukubaliana nini?