Mali bila daftari: Kompyuta ikizimika katikati ya biashara, fedha iko wapi?

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mfanyabiashara yeyote anayepakia mzigo Nyabugogo kwenda Rusumo, Gatuna au Rubavu anaujua ukweli wa methali hiyo. Lakini siku hizi daftari lenyewe limehama. Halikai tena chini ya meza ya duka. Limo ndani ya kompyuta, na mara nyingi kompyuta hiyo haipo hata katika mji ulipo wewe.

Ndiyo maana katika kazi yangu ya kutunza kompyuta za wafanyabiashara hapa Kigali, swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: umeme ukikatika au mtandao ukianguka wakati fedha iko njiani, fedha hiyo inakuwa wapi? Mtu ametuma faranga 200,000 kwa mwenye nyanya upande wa pili wa mpaka, simu imeganda, mwenye nyanya anasema hajaona kitu, na dereva anapiga honi. Hapo ndipo wengi hubonyeza mara ya pili, na hapo ndipo hasara huanzia.

Waliokuwa hapa mwaka 2004 wanakumbuka maji ya Ziwa Burera yalivyopungua, mitambo ya umeme ya Ntaruka ikalegea, na mgao wa umeme ukaingia mjini. Wakati ule duka likiingia gizani, karatasi zilibaki mezani. Miaka iliyofuata mambo yalibadilika. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, na MTN ikaleta huduma ya fedha kwa simu Rwanda mwaka 2010. Tangu hapo ushahidi wa biashara za watu wengi umo ndani ya mashine, na ni vizuri mwenye mali ajue mashine hiyo hufanya nini inapozimika ghafla.

Siri yake ni ya kizamani. Mwenye duka makini hatoi gunia kabla ya kuandika. Anaandika kwanza: fulani amechukua gunia moja la maharage. Kisha ndipo gunia linatoka. Akiitwa ghafla nje kabla hajamaliza, akirudi anasoma mstari wa mwisho na kujua alipofikia. Kompyuta zinazotunza fedha hufanya vivyo hivyo. Kabla ya kugusa salio la mtu yeyote, huandika kwenye faili maalumu kile zinachotaka kufanya. Katika makala haya nitaliita faili hilo daftari la awali.

Tuchukue mfano wa faranga 50,000 kutoka kwako kwenda kwa mwenzako. Daftari la awali huandikwa mstari wa kupunguza salio lako, kisha mstari wa kuongeza salio lake, kisha mstari wa tatu usemao: imekamilika. Mstari huo wa tatu ukishafika kwenye diski, fedha ni yake, hata kama kompyuta itazimika sekunde ile ile. Kabla ya mstari huo, fedha bado ni yako. Salio haliachwi nusu nusu.

Umeme unaporudi, kompyuta haianzi kazi mara moja. Njia inayofuatwa na mifumo mingi ilielezwa mwaka 1992 na C. Mohan na wenzake wa kampuni ya IBM, nao waliiita ARIES. Ina hatua tatu. Kwanza, kompyuta inasoma daftari kuanzia alama ya mwisho ya kufunga hesabu ili ijue shughuli zipi zilikuwa hazijaisha. Pili, inarudia yote yaliyoandikwa, kwa utaratibu ule ule. Tatu, inatengua shughuli zote ambazo hazikupata mstari wa kukamilika. Baada ya hapo ndipo mlango unafunguliwa kwa wateja. Kwa hiyo ukiambiwa mfumo unajirejesha, subirini kidogo, usidhani ni uvivu. Daftari linasomwa.

Mambo huwa magumu zaidi pale daftari linapokuwa zaidi ya moja. Mwaka 2022 ulizinduliwa mfumo wa eKash chini ya RSwitch ili mwenye laini ya MTN aweze kumtumia fedha mwenye laini ya Airtel. Hapo kuna wenye madaftari wawili, na kila mmoja anaweza kuzimika kwa wakati wake. Hata kampuni yenye ghala Kigali na ghala Rusizi ina tatizo hilo hilo: mzigo umetoka huku, je, kule umeandikwa?

Njia mojawapo ya kulitatua ilielezwa na Mmarekani Jim Gray mwaka 1978, na mtu wa mpakani ataielewa upesi, maana inafanana na kazi ya dalali. Dalali anamuuliza muuzaji: uko tayari? Anamuuliza mnunuzi: uko tayari? Kila mmoja anaandika kwenye daftari lake kwamba yuko tayari, ndipo anajibu. Wote wakikubali, dalali anaandika uamuzi kwenye daftari lake na kutangaza: imeuzwa. Mmoja akikataa, biashara inavunjika kwa wote.

Ugumu uko hapa. Aliyekwisha kusema niko tayari hana ruhusa ya kubadili nia. Dalali akianguka kabla ya kutangaza, mzigo unabaki umefungwa. Haujauzwa, wala haujaachwa huru. Ndiyo hali unayoiona kwenye simu yako unapoambiwa muamala unashughulikiwa. Hakuna aliyekuibia. Upande mmoja unasubiri kusikia uamuzi.

Ili dalali asiwe mmoja tu, wataalamu walitafuta njia ya kuweka daftari moja kwenye mashine kadhaa zinazoamua kwa wingi wa kura. Leslie Lamport alichapisha njia yake iitwayo Paxos mwaka 1998, na mwaka 2014 Diego Ongaro na John Ousterhout wakatoa Raft, ambayo ni rahisi zaidi kueleweka. Mashine zikiwa tatu, mstari unahesabiwa umeandikwa pale mbili zinapokuwa nao. Zikiwa tano, zinatakiwa tatu. Mashine mbili peke yake hazisaidii sana: njia kati yao ikikatika, hakuna inayoweza kujua kama mwenzake amekufa au yu hai ila hasikiki.

Niliyaona haya kwa macho yangu katika kampuni moja ya jumla ambayo sitaitaja. Ilikuwa na mashine tatu, Kigali, Rubavu na Rusizi, zikitunza daftari moja la mauzo. Umeme ulikatika Kigali wakati wa shughuli nyingi. Uliporudi, mashine ya Kigali iliwaka, lakini hesabu yake haikulingana na za wenzake. Nilipofika nilimkuta kijana wa ofisini anataka kufuta mafaili ya daftari la awali ili diski ipate nafasi, kwa kuwa aliyaona ni makubwa na hakuna anayeyasoma.

Nilimwomba aondoe mkono. Kosa hilo limewakumba watu duniani kote. Programu maarufu ya PostgreSQL ilikuwa na folda ya daftari hilo iliyoitwa pg_xlog, na watu wengi waliifuta wakidhani ni kumbukumbu za kawaida zisizo na kazi. Mwaka 2017, katika toleo la 10, wenye programu waliibadili jina ikawa pg_wal ili kupunguza maafa hayo.

Tulianza kwa kunakili kila kitu kama kilivyo, kabla ya kujaribu dawa yoyote. Kisha tulitazama mstari wa mwisho wa kila daftari. Mstari wa mwisho ukikatika katikati si jambo la kutisha, ni kalamu iliyodondoka umeme ulipokwenda, na programu inajua kuuacha. Mstari ulioharibika katikati ya kitabu, huku baada yake kuna mistari mizima, huo ndio ugonjwa. Kwetu haukuwepo. Daftari la Kigali lilikuwa safi, ila fupi.

Ufupi nao si dhambi, maana mashine iliyozimika lazima ibaki nyuma. Kilichonishtua ni kingine. Rubavu, iliyokuwa ikiongoza kura siku ile, ilikuwa na kumbukumbu kwamba Kigali ilikubali kupokea mistari ambayo sasa Kigali haikuwa nayo. Kwa maneno mengine, Kigali ilisema nimeandika, na haikuwa imeandika.

Mwongo alikuwa diski. Diski nyingi zina memori ndogo ya kasi ambayo hupokea maandishi kwanza na kuyapeleka mahali pa kudumu baadaye. Nyingine hujibu tayari wakati maandishi bado yako kwenye memori hiyo, na umeme ukienda, nayo yanakwenda. Hata mifumo mikubwa imewahi kudanganywa kwa namna inayokaribiana na hiyo. Mwaka 2018 wataalamu wa PostgreSQL walitambua kuwa Linux, ikishindwa kuandika kwenye diski, ingeweza kutoa taarifa ya kushindwa mara moja, na ukiuliza tena ikajibu kwamba mambo ni sawa. Mwaka 2019 walibadili programu yao: ikipata taarifa ya namna hiyo inajizima yenyewe, kisha inarejea kwa kusoma daftari la awali badala ya kujaribu tena.

Je, kuna mauzo yaliyopotea? Hapana, kwa sababu mistari yote iliyothibitishwa ilikuwa pia Rubavu au Rusizi. Lakini fikiria Rubavu ingekuwa imezimwa siku ile, na Rusizi iko nyuma mistari michache. Kigali na Rusizi ni wawili kati ya watatu. Wangepiga kura, wakakubaliana kwa halali kabisa, na mauzo ambayo wateja walishapewa risiti yangefutika.

Wasomaji wetu waliorejea nyumbani baada ya miaka mingi Uganda, Tanzania, Burundi au Kongo watanielewa upesi. Anayerudi hasimami kwenye baraza siku ya kwanza na kuamua mipaka ya mashamba kwa alichokumbuka. Anauliza kwanza majirani waliokuwapo. Mashine iliyosahau ahadi zake isipige kura kana kwamba inakumbuka. Tuliiondoa Kigali kwenye orodha ya wapiga kura, tukafuta daftari lake, tukanakili upya kutoka kwa wenzake, ndipo ikapokelewa kama mwanachama mpya.

Kabla ya kuipokea tuliijaribu. Tuliandika mistari yenye namba mfululizo, kompyuta nyingine ikitunza namba ya mwisho iliyothibitishwa, kisha tukachomoa waya wa umeme. Ilipowaka, namba zilizothibitishwa hazikuwepo. Tulizima ile memori ya kasi ya diski, tukarudia jaribio mara kadhaa, na kila mara namba zote zilikuwepo. Kazi ilikuwa ya polepole zaidi kuliko zamani. Mwenye kampuni alinung'unika kidogo, kisha akakubali.

Yalibaki mauzo machache yaliyokwama katikati. Magunia yalikuwa yamefungwa kwenye hesabu ya Rusizi, lori linasubiri, na mtunza ghala anataka kuyafungua auze kwa mwingine. Hapo hakuna kubahatisha. Tulitafuta uamuzi kwenye daftari la mwamuzi, na mauzo mengine yalikuwa yameshakubaliwa. Angeyafungua, gunia moja lingeuzwa mara mbili. Mwisho tulilinganisha hesabu na risiti za karatasi, kisha na magunia yenyewe ghalani.

Kwa mwenye biashara anayetunza mfumo wake, ushauri wangu ni huu. Nunua betri ya akiba, lakini usiitegemee peke yake. Hakikisha diski haikosi nafasi, kwa maana daftari lisipopata pa kuandika, mfumo utasimama. Tenga mashine ya majaribio na kuizima ghafla kila baada ya muda, uone kama inarejea. Nakala uliyoweka kabatini ni nzuri, lakini itakurudisha siku ilipotengenezwa tu. Mauzo ya tangu siku hiyo utayapata kwenye daftari la awali.

Na kwa mama au kijana aliye mpakani na simu mkononi: muamala ukiganda, usitume mara ya pili papo hapo. Tazama salio lako kwanza. Kisha tazama orodha ya miamala yako ya mwisho, na subiri ujumbe. Ukituma upya unapata namba mpya, na mfumo utaona ni malipo mapya kabisa, kwa kuwa kompyuta haijui nia yako, inajua namba. Ikibidi kwenda kwa wakala au kupiga simu huduma kwa wateja, nenda na namba ya muamala, saa na kiasi. Kwa vitu hivyo vitatu mhudumu anaweza kuutafuta mstari wako. Ukienda na hasira peke yake atakuomba usubiri.

Viandike pia kwenye kijitabu chako, kabla simu haijaisha chaji na kabla mzigo haujapakiwa.