Nani Ametoa Wimbo? Istilahi za Matoleo Mapya ya Muziki

Kila ifikapo Ijumaa kurasa za burudani za magazeti yetu hujaa habari za nyimbo mpya. Mwimbaji fulani "ameachia" wimbo, mwenzake "amedondosha" ngoma, wa tatu "amefyatua" kibao, na wa nne "anazindua" albamu. Siku yenyewe haikuchaguliwa na magazeti. Ni desturi iliyopitishwa na makampuni ya muziki ya ulimwengu tangu tarehe 10 Julai 2015, na wanamuziki wetu, hata wale wasiokuwa na kampuni yoyote, wameifuata. Katika makala haya tungependa kuyachungua maneno yanayotumika kutangaza nyimbo hizo.

Miezi michache iliyopita mwimbaji mmoja wa singeli alituletea mkataba wa kurasa mbili ulioandikwa kwa Kiswahili, akitaka aelezwe maana ya sentensi moja. Sentensi hiyo ilisema kwamba msanii ameuza wimbo kwa mtayarishaji, naye mtayarishaji atautoa. Mwimbaji alifahamu kwamba ameruhusu wimbo wake usambazwe, basi. Mwenye studio alifahamu kwamba amenunua kila kitu, yaani maneno, mahadhi na rekodi, daima dumu. Kila mmoja alikuwa na hoja, kwa sababu maneno matatu ya sentensi hiyo fupi, wimbo, mtayarishaji na kutoa, yana maana zaidi ya moja. Utata wa namna hii ukitokea katika mazungumzo ya barazani haumdhuru mtu. Ukitokea katika mkataba, kuna atakayepoteza jasho lake.

Tuanze na kitu chenyewe kinachotolewa. Siti binti Saad na wenzake waliposafiri kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi taarabu, kilichorudi Unguja kilikuwa sahani nyeusi za kupigwa kwa mashine ya mkono, na watu wakaziita santuri. Neno hili tumelipata kwa Waarabu, na huko kwao ni jina la ala ya nyuzi. Waswahili walilihamisha kutoka ala kwenda kwenye mashine, na kutoka mashine kwenda kwenye sahani, wala hatujasikia aliyelalamika.

Sahani ya enzi hizo ilichukua kiasi cha dakika tatu tu kila upande. Aliyetaka nyimbo nyingi alinunua sahani kadhaa, nayo makampuni yakawa yanazipanga ndani ya jalada lenye mifuko ya karatasi, mfano wa jalada la kuwekea picha. Hapo ndipo neno albamu lilipoingia katika muziki. Mwaka 1948 ilipokuja sahani kubwa ya mizunguko 33 na theluthi kwa dakika, nyimbo zote zikatoshea katika sahani moja na lile jalada likawa halina kazi, lakini jina likabaki. Kwa hiyo anayelikataa neno albamu kwa sababu ni la picha anawalaumu Waswahili kwa kosa lisilo lao, maana hata wale tuliowaazima neno hilo walilichukua kutoka hukohuko kwenye picha.

Mwaka 1949 ikafuata sahani ndogo ya mizunguko 45, yenye wimbo mmoja kila upande. Hii ndiyo waliyoizoea wapenzi wa dansi wa Dar es Salaam na Nairobi. Wimbo mrefu ulikatwa katikati, nusu upande huu na nusu upande wa pili, na mwenye nyumba akalazimika kunyanyuka kuigeuza wageni wakisubiri katikati ya uwanja. Sahani hiyo ndiyo asili ya kile kinachoitwa siku hizi "singo". Baadaye zikaja kanda, kisha sidii. Leo wimbo mpya aghalabu hauna chombo cha kushikwa mkononi. Hupakiwa katika majukwaa kama vile Boomplay, Mdundo, na Spotify iliyoingia Tanzania, Kenya na Uganda mnamo Februari 2021. Msikilizaji huupakua, au huusikiliza ukitiririka pasipo kuuhifadhi.

Hivyo basi tunahitaji neno lisilofungwa na sahani wala kanda, na neno hilo tunalo: toleo. Msomaji anazungumza juu ya toleo la gazeti na toleo la pili la kamusi pasipo kusitasita. Twaweza kusema toleo la wimbo mmoja. Toleo fupi, kwa lile la nyimbo chache ambalo vijana hulitaja kwa herufi mbili za Kiingereza. Na albamu, ambayo imekwisha kupata uraia. Singo hatulipigi vita. Likiendelea kutamkwa na watu wengi kwa miaka mingine kumi litaingia katika kamusi lenyewe, tupende tusipende.

Kuhusu vitenzi, kuachia na kudondosha ni vivuli vya Kiingereza, na kudondosha hutushangaza zaidi, kwani mtu hudondosha kitu kwa bahati mbaya. Kufyatua, ambalo wengi hulidharau kuwa ni la mitaani, lina ukoo bora kuliko yote hayo. Fundi hufyatua matofali kutoka katika kalibu, na sahani ya santuri nayo ilikandamizwa katika kalibu ya chuma, zikatoka moja baada ya nyingine zikifanana. Hatujui neno jingine la Kiswahili linalokisawiri kiwanda cha santuri vizuri namna hii. Kwa bahati mbaya kazi ya kukandamiza imekuwa adimu. Kuzindua ni kufanya sherehe; albamu yaweza kutolewa Januari ikazinduliwa Machi, na mwandishi wa habari anayeyachanganya hayo mawili huwapotosha wasomaji wake juu ya tarehe. Kutoa ndilo neno jepesi na lenye kufaa. Walakini linamtaka mtendaji. Ni nani hasa ametoa? Aliyeimba, aliyerekodi, au aliyepakia mtandaoni? Tunapendekeza mtoaji awe yule mwenye mamlaka ya kuamua kwamba rekodi itoke, na itoke lini. Yule anayeifikisha kwenye majukwaa kwa niaba ya mtoaji aitwe msambazaji, hata kama ni kampuni kubwa mara mia kumpita mtoaji mwenyewe.

Hapo tunafikia neno gumu kuliko yote, nalo ni la kumwita mwanamuziki asiye chini ya kampuni. Yametumika matatu: huru, binafsi, na wa kujitegemea. Msomaji atakumbuka kwamba katika siasa Watanzania husema mgombea binafsi ilhali Wakenya husema mgombea huru, na wote wanaelewana. Katika muziki mambo hayako hivyo. Mwanamuziki huru anasikika kama aliyefunguliwa kutoka kifungoni. Binafsi nalo lina historia yake. NUTA Jazz ilipoundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, mwanamuziki alikuwa mwajiriwa, akipokea mshahara na kupiga magitaa ya mwajiri. Bendi nyingi zilizofuata zilikuwa za mashirika, za jeshi au za polisi, na zile chache zisizokuwa na shirika zikaitwa bendi binafsi. Lakini bendi za shirika na bendi binafsi zote zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, na kanda zikabaki katika maktaba ya redio. Kwa hiyo ubinafsi huo ulihusu vyombo vya kupigia. Haukuhusu rekodi.

Kule Nairobi, katika mtaa wa River Road, mambo yalikuwa ya namna nyingine. Joseph Kamaru, aliyeimba kwa Kikuyu, alikuwa na duka lake mwenyewe la santuri. Alifariki mwaka 2018, na mjukuu wake, ambaye naye ni mwanamuziki ajulikanaye kwa jina la KMRU, amekuwa akizitoa upya nyimbo za babu yake mtandaoni. Muziki wa mjukuu ni wa sauti tulivu za mitambo, usiofanana hata kidogo na magitaa ya babu. Tunautaja ili ieleweke kwamba kujitegemea si aina ya muziki, kama baadhi ya waandishi wanavyodhani wanapoorodhesha "taarabu, rege, injili na muziki wa kujitegemea".

Tunalichagua neno kujitegemea. Tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967 kila Mtanzania anajua kwamba maana yake si umaskini wala upweke. Anayejitegemea analipa gharama mwenyewe, za studio, za picha na za usambazaji, na mavuno yakipatikana ni yake. Ila tungependa kuongeza jambo moja ambalo halijasemwa vya kutosha: kujitegemea ni sifa ya toleo kabla ya kuwa sifa ya mtu. Kundi la Sauti Sol la Kenya lilitoa lenyewe albamu ya Live and Die in Afrika mwaka 2015, na mwaka 2020 likatoa Midnight Train likiwa na Universal Music Africa. Ni waimbaji walewale. Vivyo hivyo, vijana wa singeli wa studio ya Sisso ya Dar es Salaam walijulikana ng'ambo kwa mkusanyo wa Sounds of Sisso wa mwaka 2017, uliotolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Lebo hiyo si tawi la kampuni kubwa, nayo twaweza kuiita lebo ya kujitegemea. Lakini mtoaji ni lebo, si vijana wale. (Lebo, kwa asili, ni karatasi ya duara iliyobandikwa katikati ya santuri. Karatasi imetoweka, kampuni imerithi jina.)

Kipimo cha kumtambua mtoaji ni umiliki wa ile rekodi ya kwanza ambayo nakala zote huzaliwa kutokana nayo. Wanamuziki wengi huitaja kwa neno la Kiingereza, na katika mikataba ya Kiswahili mara nyingi haitajwi kabisa, jambo ambalo ni hatari zaidi. Tunapendekeza rekodi mama, kwa mfano wa sheria mama na lugha mama. Wimbo ni kitu kimoja na rekodi ni kitu kingine. Wimbo mmoja ukirekodiwa mara tatu, kila rekodi hustahili namba yake ya kimataifa ya utambulisho, yenye tarakimu na herufi 12, ingawa mtungaji ni mmoja. Sheria ya Tanzania Bara ya mwaka 1999 imezitenganisha haki hizi hata katika jina lake: hakimiliki ni ya mtungaji juu ya maneno na mahadhi yake, hakishiriki ni ya waimbaji, wapigaji na wenye rekodi.

Na mtayarishaji je? Redioni, mtayarishaji wa kipindi ni yule anayekipanga na kukirekodi. Studioni vijana humwita prodyuza yule anayetengeneza midundo na kuchanganya sauti. Katika sheria, kama ulivyofafanua mkataba wa kimataifa uliopitishwa Geneva mwaka 1996, mtayarishaji wa rekodi ni yule aliyeanzisha kazi ya kurekodi na kuwajibika nayo, hata kama hajui kugusa kitufe kimoja. Mwimbaji aliyekodi studio kwa fedha yake na kusimamia kazi mwanzo hadi mwisho aweza kuwa ndiye mtayarishaji kisheria pasipo kujua! Tungependa mtengeneza midundo aitwe hivyohivyo, mtengeneza midundo, na mtayarishaji wa rekodi aandikwe kwa ukamilifu katika kila mkataba.

Limebaki neno la kutaja namna za muziki. Mtindo halitufai, kwa kuwa katika dansi kila bendi ilikuwa na mtindo wake, Msondo, Sikinde na mingineyo, ilhali zote zilipiga dansi. Aina linatosha.

Sentensi ya ule mkataba tuliigawa kuwa nne. Ya kwanza inasema nani ametunga maneno na mahadhi. Ya pili, nani ni mtayarishaji wa rekodi. Ya tatu, rekodi mama ni mali ya nani na kwa muda gani. Ya nne, nani ni mtoaji na nani msambazaji. Majina katika sentensi ya tatu tuliyaacha wazi ili wahusika wayajaze wenyewe. Tulipokuwa tukienda mitamboni walikuwa hawajakubaliana.