Bushi ya Bei Chee Ukiwa Kigoma

Malalamiko ya wenye magari Kigoma yanafanana. Bushi zimefungwa mpya mvua zinaanza, mvua hazijakatika gari linagonga tena. Muuza duka anamlaumu fundi, fundi analaumu feki, na wote wawili wanailaumu barabara. Barabara ina mchango wake, sikatai: Probox inayotoka Kibirizi imejazwa dagaa, ikapanda Mwanga na kuingia njia za vumbi za vijijini, inazitesa bushi kwelikweli. Lakini kwa gari lile lile na njia ile ile, zipo zinazodumu na zipo zisizodumu.

Dukani utaulizwa: unataka orijino, ya China, au used ya Japani? Wengi hujibu kwa kutazama pochi. Mimi ningetazama kwanza kipuri chenyewe kimetengenezwa kwa kitu gani.

Kwenye mpira, yaani bushi, mauntini za injini na vipira vya draivshafti, used usiiguse. Mpira huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa. Toyota IST zilianza kuuzwa Japani mwaka 2002, kwa hiyo bushi iliyong'olewa kwenye gari lililochinjwa huenda imevuka miaka 20. Bonyeza kwa ukucha: ikiwa ngumu kama kwato, au ukiona nyufa nyembamba pale mpira unaposhikana na bomba la chuma, irudishe kaunta.

Baki na mbili mpya. Tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, bushi ya bei chee ni shilingi 12,000 na orijino 40,000. Fundi anataka 15,000, alaimenti 20,000. Ya bei chee imekutoka kwa 47,000, orijino kwa 75,000. Ya bei chee ikifa ukarudia kazi, umeshalipa 94,000, na fundi hakupunguzii eti kwa kuwa ni mara ya pili. Kama gari ni la abiria, ongeza hesabu ya siku lilizolala gereji. Ya bei chee ina maana kwa anayetaka kuliuza gari mwezi ujao, na huyo simshauri chochote.

Kwenye chuma mambo hugeuka. Stata, altaneta, giaboksi: hapa used ya Japani mara nyingi huishinda kopi mpya inayong'aa. Zungusha kwa mkono usikilize kama beringi zinakwaruza, kisha patana kabla ya kulipa kwamba ikigoma baada ya kufungwa unairudisha, na yaandikwe kwenye risiti.

Breki pedi ni mpya tu, na si za bei ya chini kabisa. Ule mteremko wa Mwanga kwenda stesheni hauna utani, na pedi ngumu za hovyo hulia na kuila diski, ambayo ni ghali kuliko pedi zenyewe.

Kuagiza Kariakoo? Kwa giaboksi inalipa, kwa bushi mbili sidhani. Reli peke yake kutoka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200, na kipuri kikifika kwa basi si chenyewe, nauli ya kukirudisha ni yako. Tuma picha ya namba iliyogongwa kwenye kipuri cha zamani, pamoja na namba ya chesisi.

Usitishwe na maandishi ya "mali ikiuzwa hairudishwi". Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mlaji aliyeuziwa bidhaa isiyofaa, na bidhaa bandia ni kazi ya Tume ya Ushindani, FCC. Ila madai yanataka ushahidi. Dai risiti ya EFD inayotaja kipuri, hifadhi boksi lake, na kile kibovu usimwachie fundi, maana kitatupwa kabla hujafika dukani.